Mwenye Njia Hana Mbegu

Jirani yangu anajenga ua wake upya. Tangu asubuhi anapasua mianzi kwa panga, na harufu inapita juu ya ukuta mpaka jikoni kwangu hapa Goma. Nyinyi mliokulia vilimani mnaijua harufu hiyo: mbichi, ya majimaji, inakaribia ile ya majani yaliyokatwa, lakini ina utamu wake ndani. Wengine wakiinusa wanakumbuka shamba la babu. Mimi nakumbuka wivu. Nasema wazi, maana nimeshazaa na kulea, sina tena wa kumficha, na yule aliyenitia wivu huo hayupo hapa kunicheka. Wala asingenicheka. Hilo ndilo lililoniudhi kwake tangu mwanzo.

Kwetu ni juu ya Mweso, mwendo wa saa moja ukipanda kwa miguu, nyumba ya mbao yenye mabati na jiko la nyasi pembeni. Kule kwetu saa ya shamba ni saa ya shamba. Ukipita tangu asubuhi mpaka jua lianze kurudi, hukuti mtu nyumbani, unakuta kuku tu. Lakini mlango wa jiko haukufungwa. Mgeni akifika akakosa watu, desturi ilikuwa aingie jikoni, afukue makaa kwenye majivu, awashe moto, akae. Sisi tulioko shambani upande wa pili wa bonde tunaona moshi unapenya kwenye nyasi za paa, tunajua kuna mtu, tunateremka. Simu hatukuwa nazo, na sikumbuki mtu aliyelalamika kwamba amefika kwetu akasahaulika.

Siku waliyofika tulikuwa tunapalilia maharagi. Aliyeuona moshi kwanza ni mdogo wangu Janvier, maana yeye alikuwa hapalilii, alikuwa anatafuta sababu ya kuacha kupalilia. Mama akanyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema tuko na wageni. Tukashuka. Jikoni tukamkuta mama mmoja ana mtoto mchanga mgongoni, miguu imevimba, na msichana wa umri wangu, miaka kumi hivi, mwembamba, anapuliza moto wetu. Maji yalikuwa yameshachemka. Msichana huyo alikuwa amekalia kigoda changu. Babu yangu alinichongea kigoda kile kabla hajafa, hata Janvier hakuruhusiwa kukikalia, na huyu alikikalia kana kwamba alizaliwa juu yake. Aliponiona akainuka mara moja, akakifuta vumbi kwa kiganja, akanisogezea. Nilikataa kukaa.

Mama yake alikuwa binti wa shangazi wa Papa, aliyeolewa mbali, Walikale, kule msituni. Vita vilikuwa vimewafikia, wakatembea siku nyingi. Nilisikia akimweleza Mama kwamba mume wake aliwaambia watangulie, yeye atafuata nyuma. Nikasikia, nikapita. Papa wangu mwenyewe akienda Mushaki kwa mambo ya ng'ombe alisema siku mbili, akarudi baada ya wiki mbili na hadithi ya mvua. Kichwani mwangu hivyo ndivyo baba wote walivyo: wanachelewa, halafu wanatokea. Kwa hiyo sikuona kwamba msichana yule amekosa kitu. Niliona tu kwamba amepata jiko letu, kigoda changu na nusu ya mkeka wangu.

Jina lake Riziki. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, mimi ndipo nilipoanza kuugua.

Mnielewe, kabla yake mimi nilikuwa mtu. Kwenye kilima chetu mchezo ulikuwa ni wa Solange, yaani mimi. Mimi ndiye niliyeamua leo tunacheza harusi au tunacheza shule, nani bibi harusi, nani anachapwa. Rafiki yangu Vumilia, binti wa jirani, alinifuata kila mahali akisema ndiyo, na Janvier alinifuata kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumfuata. Sikuwahi kuwauliza wanataka nini. Ningeuliza kwa nini, na walikuwa wanafurahi? Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Majira yale shule ilikuwa imejaa watu waliokimbia, wamelala mpaka chini ya ubao, basi tukabaki nyumbani. Kazi yetu ya mchana, mvua ikinyesha, ilikuwa kuchambua maharagi ya mbegu jikoni. Unamwaga kikapu kwenye mkeka, unatenga mekundu, meupe, ya manjano na yale yenye madoa, unatupa yaliyotobolewa na wadudu. Kazi hiyo haichoshi mikono, inachosha kichwa. Siku ya tatu au ya nne Riziki akaomba kisu kwa Mama. Akatoka mvuani, akarudi na kipande cha mwanzi mbichi, akakipasua vipande vinne vya urefu wa kidole. Kila kimoja kilikuwa na mgongo wa kijani na tumbo jeupe. Jiko zima likanukia. Halafu akachota majivu, akachora mstari mrefu uliopindapinda kwenye udongo, kutoka miguuni pake mpaka kwenye mawe ya moto, na mwisho wake akachora duara.

"Kila muntu akamate mbegu moja," akasema. "Ile mbegu njo weye. Hii iko njia. Kule iko nyumba."

Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukwaruza kidogo, ilibidi usogee ndio umsikie. Tukasogea. Nilisogea na mimi, na nikajikasirikia kwa kusogea. Akatuonyesha kanuni. Yeye ni mwenye njia. Yeye anasema unachokiona mbele yako, wewe unasema unafanya nini, halafu unarusha mianzi. Matumbo manne yakitazama juu, umepita na zawadi juu yake. Matatu, umepita. Mawili, umepita lakini kuna kitu umepoteza. Moja, unakwama hapo ulipo. Migongo yote minne ikitazama juu, umekufa. Mbegu iliyokufa inaingia chunguni na usiku tunaila. Mbegu iliyofika inapandwa nyuma ya jiko. Na jambo ambalo mwenye njia amelisema, limesemwa. Halirudi.

Nakumbuka zamu ya kwanza ya Vumilia. Riziki alimwambia mto umejaa, daraja la kamba limekatika upande mmoja, na ng'ambo kuna mama mmoja anafua nguo. Kisha akamtazama usoni, akamuuliza swali ambalo nililichukia kwa miezi mitano.

"Sasa unafanya nini?"

Vumilia, ambaye katika michezo yangu hakuwahi kusema neno zaidi ya ndiyo, akafikiri. Akasema atamwita yule mama na kumuuliza yeye mwenyewe huwa anavukia wapi. Akarusha: matumbo matatu. Riziki akasema mama yule ameacha kufua, ameinua kitenge mpaka magotini, anakuonyesha mahali penye mawe. Janvier akapiga makofi. Vumilia alitabasamu uso wote, na miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumfanya atabasamu hivyo. Zamu yangu ilipofika nilisema mimi sihitaji kuuliza mtu, mimi naogelea. Migongo minne. Jioni ile nikaila mbegu yangu na ugali.

Basi ikawa hivyo kila siku ya mvua, na kwetu siku ya mvua ni kila siku. Njia ilibadilika kila mara. Mara ni kilima chenye ukungu na kengele ya ng'ombe usiyemwona. Mara ni msitu, na katika msitu huo mlikuwa na mzee aliyeuza asali lakini alitaka umpe jina la mnyama aliyemsahau. Mara ni barière, kamba imevutwa katikati ya barabara, na watu wenye bunduki wanauliza unaenda wapi. Hapo hata sisi watoto tulijua cha kufanya: unasalimia, unatazama chini, hukimbii. Janvier, aliyekuwa anaogopa mpaka mbuzi, alipita barière ile na mbegu yake ya manjano, akatembea kifua mbele mpaka saa ya kulala. Kila aliyefika kwenye duara alikuwa na haki ya kuuliza nani yuko nyumbani, na Riziki alimwambia. Hilo ndilo lilikuwa tamu kuliko yote. Janvier alimkuta mbwa wetu aliyekufa, amepona, na muhindi wa kuchoma. Vumilia alimkuta nyanya yake anamenya maharagi, akamwambia karibu, umekonda.

Mimi sikufika. Nilikufa mtoni, nilikufa kwenye utelezi, nilikufa kwa siafu, aibu gani hiyo. Nilianza kumtazama mikono. Wiki nzima nilimchunguza kama anajua kuigeuza mianzi hewani, lakini mianzi tuliirusha wenyewe, yeye hakuigusa. Basi nikaamua kwamba ananitafutia mahali pabaya makusudi. Leo ninapoyapanga tena yale mapito, naona kwamba alinipa mahali palepale alipowapa wengine, ila wenzangu waliuliza, walingoja, waliomba njia, na mimi nilipita mbele kila mara kwa sababu sikuvumilia kuwa wa pili. Wakati ule usingenieleza hivyo. Ungenieleza, ningekwambia na wewe umerogwa na Riziki.

Kilichonimaliza kabisa ni Mama. Mama hakuwahi kuuliza habari ya michezo yangu, alisema tu tusichafue mkeka. Siku moja anasonga ugali, mwiko mkononi, mgongo ametugeuzia, akauliza, "Na mbegu ya Janvier, ilivuka?" Alikuwa anasikiliza. Siku zote alikuwa anasikiliza. Nikahisi moto kifuani, moto kweli, nikatoka nje nikasimama chini ya mchirizi wa paa mpaka nikalowa. Hakuna aliyekuja kuniita. Waliniona, nilijua waliniona, lakini Vumilia alikuwa katikati ya daraja.

Vumilia naye alianza kwenda kuchota maji na Riziki. Sikatai, walinipitia nyumbani kuniita. Nilikuwa najibu kwamba kichwa kinaniuma, halafu nakaa dirishani nahesabu wamechukua muda gani.

Siku moja nilimuuliza Riziki kwa nini yeye hana mbegu. Nilidhani nimemkamata. Akasema mwenye njia hana mbegu, akiwa nayo atajionea huruma. Nilielewa kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba anajiona mkubwa mno kuwa harage. Sisi tutambae kwenye majivu, tufe, tupikwe, yeye akae juu anatutazama kama Mungu siku ya Jumapili. Nikahesabu siku zote tulizocheza, nikaona siku zote hizo ameshinda yeye. Kwa hesabu yangu, anayeamua ndiye anayeshinda. Sikujua hesabu nyingine.

Basi mchana mmoja nikasimama mbele ya wote, nikasema leo mianzi naishika mimi. Jiko hili ni letu, majivu ni yetu, maharagi ni yetu. Nilisema hivyo hivyo, mbele ya Mama aliyekuwa anakoroga chungu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa nimepanga mpaka maneno ya pili na ya tatu. Riziki akanyoosha mikono yote miwili, akanipa mianzi, na uso wake ukang'aa. Halafu hakuchagua mbegu kikapuni kama wengine. Akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akatoa harage moja kubwa, jeupe lenye madoa ya zambarau. Fundo lilikuwa limekaza sana, akalifungua kwa meno. Alikuwa amelichagua siku nyingi, alikuwa anangoja mtu amtoe kwenye kazi ile ili na yeye atembee. Nililiona hilo fundo kwa macho yangu, na bado sikuelewa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikaa mahali pake, nikachora njia yangu kwa majivu mengi kuliko yake, nikafungua mdomo, na ndani hamkuwa na kitu. Nikasema kuna jiwe. Janvier akauliza nyuma ya jiwe kuna nini. Nikasema kuna jiwe lingine. Vumilia akataka kujua kama mvua inanyesha huko njiani, nikasema sijui, akanitazama kwa mshangao, maana kama mimi sijui nani anajua? Nilipomshughulikia mmoja, wengine wawili walichoka. Nilipomsahau Janvier, akaanza kupanga maharagi kwa rangi, kazi tuliyokuwa tumeagizwa, na akaonekana kuifurahia zaidi. Nilitokwa jasho. Kumbe yule wa sauti ndogo alikuwa anatubeba sote watatu kila siku, kila mmoja na uzito wake, na mimi nilidhani amekaa.

Aliyecheza kwa moyo ni Riziki peke yake. Hakuhitaji niseme mengi. Nikisema jiwe, anapita pembeni yake polepole, anagusa kama lina unyevu, anangoja jua lilikaushe. Matumbo matatu. Nikaweka mto: akakata mti, akapima kina kabla ya kutia mguu. Matatu tena. Nikaona anakaribia, na hasira ikanipanda. Nikaweka chui. Akasema anasimama, hamtazami machoni, anarudi nyuma hatua moja moja huku anaimba taratibu. Manne. Nikaweka barière, watu kumi wenye bunduki. Akasema anasalimia, anaweka chini chumvi aliyobeba iwe malipo ya kupita, anakaa pembeni mpaka waseme apite, hata kama ni siku nzima. Matatu. Sikuwa na la kufanya. Njia ilikuwa imekwisha, mbegu yake ikaingia kwenye duara siku ya kwanza tu aliyocheza, na mimi nilikuwa nimekufa miezi mitatu.

Akavuta pumzi. Sauti yake ikawa ndogo zaidi.

"Nimefika. Iko nyumba ya mabati, na muti ya mawese pembeni ya mulango." Akaweka kidole karibu na mbegu bila kuigusa. "Mu nyumba muko nani?"

Sitajitetea kwamba nilikuwa mtoto. Sikujua anachokiomba, hilo ni kweli, lakini nilijua anaomba. Nilijua kwamba kitu fulani anakitaka sana, kuliko nilivyowahi kutaka chochote, na kwamba mara hii kiko mikononi mwangu. Nilikaa nacho kidogo, nikakionja. Halafu nikasema, "Hakuna muntu. Nyumba haina muntu."

Nikakusanya mianzi. Nilisema mchezo umekwisha, nikafuta njia kwa mguu. Mwiko wa Mama ulikuwa umesimama chunguni. Riziki hakulia wala hakubisha, kanuni alizitunga yeye: limesemwa, limesemwa. Akaokota harage lake kwenye majivu, akalipuliza, akalirudisha kwenye pembe ya kitenge, akakaza fundo. Akaenda kumchukua mdogo wake mgongoni kwa mama yake. Mimi nilibaki na mianzi, nikitegemea Vumilia aseme kitu. Vumilia alijifunga kitenge, akaenda kwao mvuani.

Kesho yake Mama alinipa mstari wa kulima karibu na wake, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Tulilima mpaka katikati. Kisha akasema, bila kuacha jembe, "Solange. Bale batu habajue papa ya Riziki iko wapi. Hakuna mwenye anajua kama iko muzima." Akaendelea kulima. Hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Nilibaki nyuma kwenye mstari wangu nikitazama nyumba yetu ng'ambo ya bonde, haina moshi.

Sasa mtu mwema angekwenda kuomba msamaha siku hiyohiyo. Mimi nilingoja anilipize, ili tuwe sawa. Mchana Janvier ndiye aliyemrudishia mianzi, tukakaa, akachora njia. Nilichagua mbegu nikijua nitakufa kifo kibaya kuliko vyote. Nikaogopa, na kwa kuogopa nikawa mpole: nikauliza njia, nikangoja, nikawaacha wengine wapite mbele. Matatu, mawili, matatu. Nikafika. Mimi, kwenye duara, mara ya kwanza. Nikamtazama, nikauliza nani yuko nyumbani, na nikafumba macho nisikie kile nilichokistahili.

"Beko bote," akasema. "Papa yako, mama yako, Janvier. Babu yako naye iko. Bamekuwekea kigoda yako, hakuna mwenye anaikalia."

Jamani. Ningependa kuwaambia kwamba hapo moyo wangu ulilainika, tukakumbatiana. Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Angenipiga kofi ningemshinda, angenilipiza ningemdharau, lakini yeye alinipa mpaka babu yangu, na akanipa bila kujilazimisha, na mimi nilikuwa nimejaribu kushika mianzi ileile nikaona jiwe na jiwe lingine. Nilimwonea wivu mara mbili ya zamani. Mbegu yangu tuliipanda nyuma ya jiko jioni hiyo. Ikaota haraka kuliko za wenzangu, na sikuitia maji hata mara moja.

Nilitaka kulirudisha neno langu. Kila siku nilitaka. Nililala nikitunga namna ya kumwambia kwamba nilikosea, kwamba nyumbani kulikuwa na mtu, nilikuwa sijatazama vizuri. Lakini limesemwa limesemwa, na nilijua angenijibu hivyo kwa upole wake ule, na upole wake nilikuwa siuwezi. Mbegu yake ilikaa katika fundo. Haikuingia chunguni, haikupandwa. Tukioga mtoni niliona anaangalia kwanza kama fundo limekaza.

Walikaa mpaka maharagi yetu ya nyuma ya jiko yakatoa maua. Kisha habari zikafika kwamba njia ya kwao imetulia, na kikundi cha watu wa Walikale waliokuwa Kashuga kinarudi. Mama yake akasema na wao wataenda nacho. Papa alimwambia angoje kidogo, ajue kwanza hali. Akajibu kwamba ameshangoja vya kutosha katika jiko la watu. Wakafunga mizigo asubuhi, nao si mizigo, ni sufuria moja, bidoni ya maji na mtoto.

Sikuwaaga na wengine. Nilikuwa jikoni nimekaa kwenye kigoda changu, najifanya nachambua. Riziki akaingia peke yake. Akachuchumaa mbele yangu, akanitazama kama alivyomtazama Vumilia siku ya mto, na nikajua sasa ndiyo saa yake ya kuniambia.

"Haukuniuliza," akasema.

Nikamuuliza sikuuliza nini.

"Nilifika. Ukasema nyumba haina muntu. Sawa, ulisema. Lakini haukuniuliza ninafanya nini."

Ilikuwa kweli. Kanuni ya kwanza kabisa ya mwenye njia, mtoto wa miaka mitano aliijua, na mimi nilikusanya mianzi nikafuta njia kwa mguu. Nje mama yake alikuwa anaita. Nikamuuliza kama anavyouliza yeye, na sauti yangu ikatoka ndogo.

"Sasa unafanya nini?"

Akatabasamu. Alikuwa na jibu siku nyingi, alikuwa analitunza pamoja na lile harage.

"Iko saa ya shamba," akasema. "Ninaingia mu jiko, ninawasha moto. Bataona moshi."

Akaniwekea mianzi minne kiganjani. Ilikuwa imekauka, migongo imegeuka rangi ya majani makavu, haikunukia tena. Akatoka, akabeba bidoni, akamfuata mama yake kwenye njia ya kushuka, na mimi nikabaki na kile nilichokitaka tangu siku ya kwanza. Kama alifika, kama alimkuta mtu, sikuwahi kupata habari mpaka leo. Nimewaonea wivu watu wengi tangu wakati ule, wenye nyumba, wenye waume wazuri, wenye watoto wanaosoma. Lakini hakuna niliyemwonea wivu kama msichana yule akishuka kilima kwa miguu yake iliyopasuka, na fundo lake kwenye kitenge.